Njia ya waenda kwa miguu mjini: nani analipa, na kwa nini mara nyingi haijengwi

Kila tunapozungumzia barabara kwenye kipindi, swali moja halikosi kutoka kwa wasikilizaji wetu wa vijijini: hizo njia za waenda kwa miguu na za baiskeli ni mambo ya mjini, sisi zinatuhusu nini? Ni swali la haki. Mtu ambaye barabara ya kijiji chake inakatika kila masika ana sababu ya kushangaa akisikia fedha za umma zinajenga njia ya baiskeli mjini.

Zinakuhusu kwa mambo mawili. Kwanza, sehemu kubwa ya fedha za matengenezo ya barabara Tanzania inatokana na tozo iliyomo ndani ya bei ya mafuta, na wewe unailipa hata kama hujawahi kumiliki gari. Pili, ukifika mjini wewe ndiye unayetembea. Mwenye gari anapita katikati ya lami, wewe unapita pembeni, na pembeni ndiko mara nyingi hakujajengwa kitu.

Katika makala hii tunaeleza fedha hizo zinatoka wapi, zinagawanywaje, kwa nini njia ya waenda kwa miguu huwa ya kwanza kuachwa, na ni wakati gani mwananchi anaweza kusema neno likasikika.

Nani anatembea

Alfajiri, kwenye barabara inayoingia mji wowote wa mkoa, utawaona watu wale wale. Akina mama na mabeseni ya mboga wakiwahi sokoni. Vijana wanaosukuma baiskeli zenye magunia ya mkaa. Wanafunzi. Mafundi ujenzi. Wagonjwa walioshuka stendi wakielekea hospitali ya mkoa. Shinyanga na Kahama baiskeli ilitumika sana kubeba abiria, hata watu wakaipa jina la "daladala".

Watu hawa ni wengi kuliko walio ndani ya magari, lakini ndio walio hatarini zaidi. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2023 inakadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa kwa ajali za barabarani duniani kila mwaka. Zaidi ya nusu yao hawakuwa ndani ya gari. Waenda kwa miguu peke yao ni asilimia 23, waendesha pikipiki na bajaji ni asilimia 21, na waendesha baiskeli ni asilimia 6.

Mwendo wa gari una nafasi kubwa katika vifo hivyo. WHO inaeleza kwamba gari likimgonga mtu kwa mwendo wa kilomita 65 kwa saa, hatari ya mtu huyo kufa ni mara nne na nusu ya ile ya kugongwa kwa kilomita 50 kwa saa. Ndiyo maana sheria ya usalama barabarani Tanzania imeweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi. Lakini kibao peke yake hakimzuii dereva mwenye haraka. Ulinzi wa uhakika ni njia iliyotenganishwa na lami, tuta lililowekwa mahali pake, na kivuko chenye alama zinazoonekana.

Unalipaje bila kujua

Mwaka 1998 sheria ya tozo za barabara na mafuta ilirekebishwa ili kuanzisha Mfuko wa Barabara. Mfuko huo unapata sehemu kubwa ya fedha zake kutokana na tozo inayokatwa kwenye kila lita ya petroli na dizeli. Kiwango chake hupangwa kwa sheria inayopitishwa na Bunge.

Katika bajeti ya mwaka 2021/22 Bunge liliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, kwa ajili ya barabara zilizo chini ya TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Tufanye hesabu ndogo. Bodaboda anayeweka lita tatu kwa siku analipa shilingi 300 kwa siku kwa nyongeza hiyo tu, bila kuhesabu tozo iliyokuwepo kabla. Akifanya kazi siku 25 kwa mwezi, ni shilingi 7,500.

Bodaboda hailipi hiyo fedha kutoka hewani. Imo kwenye nauli anayokutoza. Imo kwenye bei ya unga uliosagwa na mashine ya dizeli, kwenye bei ya sabuni iliyoletwa na lori, na kwenye nauli ya basi la kwenda mjini kumwona mgonjwa. Bibi anayetembea kilomita sita kwenda mnadani naye amechangia, kwa sababu chumvi aliyonunua ilisafirishwa kwa gari.

Kwa hiyo hoja kwamba barabara ni ya wenye magari kwa sababu wao ndio wanaolipa haina msingi. Wote tunalipa, kila mmoja kwa njia yake.

Fedha zinagawanywaje

Barabara za Tanzania Bara zinasimamiwa na wakala wawili. TANROADS inasimamia barabara kuu na barabara za mikoa, zile zinazounganisha mikoa na nchi jirani. TARURA, iliyoanza kazi Julai 2017, inasimamia barabara za wilaya: zile zinazokwenda vijijini na zile za mitaa ya mijini. Mtandao wa TARURA unazidi kilomita 144,000, mara kadhaa ya ule wa TANROADS.

Kwa miaka mingi mgawo wa fedha za Mfuko wa Barabara ulikuwa asilimia 70 kwa TANROADS na asilimia 30 kwa barabara za halmashauri, ambazo baadaye zilihamia TARURA. Wabunge wengi wamelalamikia mgawo huo bungeni, wakisema wakala mwenye kilomita nyingi ndiye anayepata kidogo. Ile nyongeza ya shilingi 100 ilikuwa jibu mojawapo la malalamiko hayo.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wengi hawalijui, nalo ndilo linaloeleza kwa nini njia za waenda kwa miguu ni chache. Sheria ya Mfuko wa Barabara iliweka kanuni kwamba angalau asilimia 90 ya fedha ziende kwenye matengenezo na dharura, na zisizozidi asilimia 10 ziende kwenye ujenzi mpya. Kanuni hiyo ina sababu nzuri. Kabla yake, barabara zilikuwa zikijengwa kwa gharama kubwa, halafu zinaachwa mpaka zinakufa kwa kukosa matengenezo.

Lakini kutengeneza maana yake ni kurudisha kilichokuwepo. Lami ikitoboka, inazibwa. Mtaro ukijaa mchanga, unazibuliwa. Njia ya waenda kwa miguu ambayo haikujengwa tangu mwanzo haina cha kutengenezwa. Haipo kwenye orodha, haikaguliwi, haiombewi fedha. Barabara iliyojengwa miaka thelathini iliyopita bila njia ya pembeni inaweza kufanyiwa matengenezo mara kumi na ikabaki vilevile, huku mji ukikua na watu wakiongezeka pembeni yake.

Ndiyo sababu njia nyingi mpya za waenda kwa miguu hujengwa pale barabara yenyewe inapojengwa upya kwa bajeti ya maendeleo au kwa mkopo. Nafasi hiyo ikipita, inaweza kupita miaka mingi kabla haijarudi.

Kwa nini inaachwa hata fedha zikiwepo

Hata barabara inapojengwa upya, njia ya pembeni hupotea kwa sababu tatu tunazoziona mara kwa mara.

Sababu ya kwanza ni hesabu. Kabla ya kusanifu barabara, wataalamu huhesabu vyombo vinavyopita: magari madogo, mabasi, malori. Wasipowahesabu wanaotembea na wanaoendesha baiskeli kwa uzito uleule, usanifu utatoka kana kwamba watu hao hawapo.

Sababu ya pili ni gharama. Mkataba una mchanganuo wa kazi, mstari kwa mstari, na kila mstari una bei yake. Fedha zikipungua, au bei ya vifaa ikipanda, hutafutwa mstari wa kupunguza. Unene wa lami haupunguzwi kirahisi kwa sababu barabara itaharibika mapema na watu watauliza. Daraja haliachwi. Mstari wa njia ya waenda kwa miguu na taa ndio unaoonekana kuwa unaweza kusubiri. Gari litapita hata bila njia hiyo, kwa hiyo barabara itaitwa imekamilika.

Sababu ya tatu ni ukimya. Wenye malori wana vyama vyao, wenye mabasi vilevile, na bodaboda nao wana uongozi wao. Anayetembea kwa miguu hana chama wala hajui ofisi ya kwenda. Akigongwa, habari inatangazwa kama bahati mbaya, na mara chache mtu anauliza kama mahali pale palikuwa na njia ya kupita.

Mahali ilipowezekana

Isidhaniwe kwamba jambo hili haliwezekani kwetu. Dar es Salaam, awamu ya kwanza ya mradi wa mabasi yaendayo haraka, kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, ilijengwa ikiwa na njia za waenda kwa miguu na za baiskeli pembeni. Mradi huo ulijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia pamoja na fedha za serikali, na mabasi yalianza kutoa huduma Mei 2016. Njia hizo ziliwezekana kwa sababu ziliandikwa kwenye michoro na kwenye mkataba tangu siku ya kwanza.

Mradi huo huo una somo jingine. Kwenye baadhi ya sehemu, njia za pembeni zimegeuka maegesho ya bodaboda au meza za biashara ndogondogo, na mwenye baiskeli analazimika kurudi barabarani. Wafanyabiashara wale nao wanatafuta riziki, na wanafuata mahali watu wanapopita. Mji unaojenga njia bila kutenga eneo la biashara na la kuegesha pikipiki unajenga ugomvi.

Kuna mfano mwingine wa gharama ndogo zaidi. Shirika la Amend limeendesha mpango unaoitwa SARSAI kwenye maeneo ya shule, Dar es Salaam ikiwemo. Kwanza wanachunguza watoto wanapita wapi na wanaumia wapi. Kisha wanaweka vitu vya kawaida: njia fupi ya pembeni, matuta, alama za pundamilia, vibao, nguzo za kuzuia magari kupanda juu ya njia. Utafiti uliofanywa Dar es Salaam ulionyesha kwamba majeruhi walipungua kwa karibu robo kwenye maeneo hayo. Mwaka 2019 mpango huo ulipata tuzo ya kimataifa ya miji inayotolewa na taasisi ya WRI.

Majirani zetu wa Nairobi walijaribu njia ya sera. Mwaka 2015 kaunti hiyo ilipitisha sera ya usafiri usiotumia injini, ikiahidi kutenga asilimia 20 ya bajeti ya usafiri kwa ajili ya miguu na baiskeli. Ahadi kwenye karatasi haijengi njia yenyewe, lakini ina faida moja: mwananchi anakuwa na namba ya kudai. Bila namba, jibu litakuwa lile lile la "tutaangalia".

Kwa sasa upo mradi wa TACTIC, unaogusa miji 45 ya Tanzania na kusimamiwa na Ofisi ya Rais TAMISEMI kupitia TARURA, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Unahusu barabara za mijini, mitaro, masoko na stendi. Kama mji unaopelekea mazao yako umo kwenye orodha hiyo, nafasi niliyoitaja, ya barabara kujengwa upya, ndiyo hii.

"Kwanza tupeni daraja"

Wapo watakaosema: kijiji chetu hakina hata kalavati, mnatuletea habari za njia za baiskeli. Hatuwezi kubishana na mama mjamzito aliyekwama ng'ambo ya mto. Daraja lake lina haki ya kutangulia.

Hata hivyo, mambo haya mawili hayagombani. Daraja likijengwa jembamba, upana wa lori moja, siku lori linapopita mwanafunzi ataruka wapi? Kulipanua wakati wa kulijenga ni nyongeza ndogo. Kulipanua baadaye ni mradi mwingine mzima. Ni vivyo hivyo kwa barabara ya changarawe. Bega la barabara lililosawazishwa na kushindiliwa linampa mwenye baiskeli mahali pa kupita, na greda linalofanya kazi hiyo tayari limeshafika kijijini.

Njia nzuri inafananaje

Njia ya waenda kwa miguu haihitaji marumaru. Inatakiwa iwe na upana wa kutosha watu wawili kupishana, mmoja akiwa na beseni kichwani. Iwe juu kidogo ya barabara au itenganishwe na mtaro, ili gari lisipande. Mitaro iwe na mifuniko. Pale inapokata barabara nyingine iwe na mteremko mdogo, ili mwenye kiti cha magurudumu na mwenye mkokoteni wapite. Penye kituo cha basi, soko, shule au zahanati pawe na kivuko. Usiku pawe na taa. Na kivuli: mti uliopandwa pembeni ya njia ni sehemu ya miundombinu kama ilivyo zege.

Njia ya baiskeli nayo isichanganywe na ya miguu pale penye watu wengi, kwa sababu baiskeli yenye gunia la mkaa haisimami haraka.

Useme wapi na lini

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1. Bunge hujadili bajeti kuanzia Aprili hadi Juni. Lakini mtu anayesubiri bajeti isomwe ndipo aombe njia ya pembeni amechelewa. Mipango huanza kukusanywa miezi mingi kabla, kutoka vijijini na mitaani, kupitia Kamati ya Maendeleo ya Kata, hadi Baraza la Madiwani. Ngazi ya mkoa ipo Bodi ya Barabara, inayoongozwa na Mkuu wa Mkoa, ambamo taarifa za TANROADS na TARURA hujadiliwa na wabunge wa mkoa ni wajumbe.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kisheria kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Hapo ndipo pa kuanzia. Ombi likiandikwa kwenye muhtasari wa mkutano, diwani ana karatasi ya kushika anapokwenda kwenye baraza. Ombi la mdomo huishia pale pale chini ya mwembe.

Barabara inayohusika ikiwa imeshapata mkandarasi, soma kibao cha mradi. Kina jina la mwenye mradi, mkandarasi, mhandisi mshauri na muda wa kazi. Kisha mwulize diwani au ofisi ya meneja wa TARURA wa wilaya maswali haya:

Je, njia ya waenda kwa miguu imo kwenye michoro ya barabara hii?

Imo kwenye mchanganuo wa kazi wa mkataba, kwa mita ngapi na upande upi?

Kama ilikuwemo ikaondolewa, iliondolewa lini na kwa sababu gani?

Vivuko vitawekwa wapi, na shule zimeshirikishwa?

Baada ya ujenzi, nani atakayesafisha mitaro na kutengeneza njia hiyo?

Swali la mwisho lisiachwe. Tumekwisha kuona kwamba fedha nyingi za Mfuko wa Barabara ni za matengenezo. Njia ikishajengwa na kuingizwa kwenye orodha ya mali za barabara, inaweza kuombewa fedha hizo kila mwaka. Isipoingizwa, itabomoka polepole, zege litapasuka, mifuniko ya mitaro itaibwa, na baada ya miaka kadhaa watu watarudi kutembea kwenye lami.

Kuuliza si ujinga, na kwa fedha ulizochangia ni haki yako. Kabla ya mkutano ujao wa kijiji, chagueni watu wawili au watatu waitembee barabara mnayoitumia kwenda mjini, wahesabu wanaopita kwa miguu na kwa baiskeli kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi, na waandike sehemu ambazo watu wanalazimika kukanyaga lami. Daftari hilo mkabidhi mtendaji mbele ya mkutano, na mhakikishe limeingia kwenye muhtasari.